Jumamosi moja Geneva, na saa ya babu iliyobaki Wete

Swali la msomaji: "Assalaam alaykum Ami. Mimi ni muuguzi, kwetu Wete. Mwezi ujao nakwenda Geneva kwenye mafunzo ya wiki moja na Jumamosi nitakuwa huru. Nimesikia huko kuna makumbusho ya saa za Patek Philippe, wale watengenezaji wa saa za ghali, na duka lao lipo mji huohuo. Natamani kwenda, lakini mimi si mtu wa kununua saa hizo. Je, mtu kama mimi anaingia? Nitazame nini, na dukani niseme nini? Jambo la pili: marehemu babu katuachia saa ya mfukoni ya fedha, tarakimu zake za Kiarabu, ndani ya kasha imeandikwa Billodes. Alirudi nayo Hijja. Niichukue nikawaoneshe hao wa dukani wanambie thamani yake?"

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na la mwisho, maana ndilo lenye hatari: saa ya babu usiichukue. Iache Wete, ndani ya kitambaa cha pamba, kabatini, mbali na dirisha linalopitisha upepo wa pwani. Sababu zake nitakueleza. Kuhusu makumbusho na duka, nenda kote kuwili, na nenda kwa mpango huo: makumbusho kwanza, duka baadaye. Anayeanza dukani huona bei, na akishaiona bei macho yake hayaoni kitu kingine tena.

Makumbusho yapo sehemu inayoitwa Plainpalais, barabara ya Vieux-Grenadiers, nambari 7. Kutoka stesheni kuu ya treni ya Cornavin unapanda tramu nambari 15, unashuka Plainpalais, kisha mwendo mfupi kwa miguu. Hoteli za Geneva humpa mgeni kadi ya kupandia tramu na mabasi bila kulipa kwa siku anazolala pale. Iulizie siku ya kwanza. Jumamosi ndiyo siku yako hasa, kwa sababu hufungua tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Jumanne mpaka Ijumaa ni kuanzia saa nane mchana tu, na Jumapili na Jumatatu pamefungwa. Kiingilio nilichokijua mimi ni faranga 10. Angalia tovuti yao kabla hujatoka hotelini. Mwenye tiketi anaingia, hakuna anayeulizwa kazi yake wala mshahara wake.

Kabla hujapanda ngazi, uelewe kwa nini ni Geneva na si mji mwingine. Mwaka 1541 Jean Calvin, kiongozi wa Waprotestanti, alirudi pale na kuutia mji wote ndani ya nidhamu kali ya dini. Mapambo yakakatazwa, masonara wakabaki na mikono yenye ujuzi isiyo na kazi. Saa lakini ilihesabiwa chombo cha haja, haikuhesabiwa pambo. Wakati huohuo Waprotestanti waliokuwa wakikimbia mateso Ufaransa walikuwa wakiingia mjini, na miongoni mwao walikuwamo mafundi saa. Masonara wakaungana nao. Kufika 1601 mafundi saa wa Geneva walikuwa na chama chao chenye kanuni zake. Ndiyo maana saa za kale za mji ule utaziona zina mkono wa sonara ndani yake: nakshi, mawe, na michoro ya enameli, yaani rangi ya kioo inayochomwa juu ya chuma, midogo kama ukucha, yenye sura za watu mpaka kope unaweza kuzihesabu.

Jengo lina ghorofa nne pamoja na ya chini, na lilifunguliwa kwa umma mwaka 2001. Mkusanyo wenyewe ni wa Philippe Stern, ambaye familia yake imeimiliki kampuni ya Patek Philippe tangu 1932. Chini kuna meza za mafundi na vyombo vyao vya kazi. Watu wengi hupapita haraka, na mimi nakuomba usipapite haraka. Tazama zile keekee ndogo, zile tupa nyembamba kama unyoya, yale mashine ya kukatia meno ya magurudumu yaliyokuwa yakizungushwa kwa mkono. Mimi nimekaa kwenye meza ya fundi miaka mingi, na pale ndipo niliposimama muda mrefu kuliko kwengine kote. Vyombo vile ndivyo vinavyokwambia kwamba saa yote unayoiona juu ilitoka kwenye vidole vya mtu.

Kisha panda moja kwa moja ghorofa ya pili, kwenye mkusanyo wa kale, ndipo ushuke ya kwanza. Huku juu kuna saa tangu karne ya 16, zama ambazo saa ilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa, kwa sababu haikuaminika kiasi cha kuhesabu dakika. Kuna ndege wa dhahabu wanaofungua mdomo wakaimba, na sanamu zinazotembea kwa kamani. Utayafurahia bila ya mimi kukwambia. Ninachotaka uvitafute ni vitu ambavyo mgeni mwengine hupita bila ya kuvisoma.

Tafuta saa zilizotengenezwa kwa soko la Waturuki wa dola ya Usmania. Utazijua kwa uso wake: tarakimu zake ni zilezile ulizozisoma chuoni pembeni mwa aya za msahafu. Wenzako mtakaosimama nao mbele ya kabati la kioo, wengi wao wataona nakshi tu. Wewe utasoma. Biashara ya Geneva na Istanbul ilikuwa kubwa kiasi kwamba mafundi wa Geneva walihamia na kuishi kule. Isaac Rousseau, baba wa yule mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliyezaliwa Geneva mwaka 1712, alikuwa fundi saa na alifanya kazi Istanbul miaka kadhaa kabla mwanawe hajazaliwa. Kwa soko la China nako walitengeneza saa kwa jozi, mbili zinazofanana, mchoro wa moja ukiitazama mwenzake kama kwenye kioo. Wale mafundi hawakumlazimisha mnunuzi avae saa ya Kizungu. Walijifunza tarakimu zake na ladha yake.

Na kuna jambo ndani ya zile saa za Kituruki linalotuhusu sisi zaidi kuliko mtu yeyote atakayekuwamo chumbani siku hiyo. Waturuki wale walihesabu siku kuanzia magharibi. Jua likizama, saa ni kumi na mbili, na hesabu inaanza upya. Unaijua hesabu hiyo? Ndiyo ndugu ya yetu. Tofauti ni kwamba kule magharibi husogea sana baina ya kiangazi na baridi, ikabidi mshale urekebishwe mara kwa mara umfuate jua. Sisi tuko digrii tano na sita tu kusini mwa ikweta. Magharibi ya Unguja na Pemba mwaka mzima haisogei sana zaidi ya nusu saa, kwa hiyo saa kumi na mbili yetu imeweza kukaa palepale. Mshale unaonesha sita, sisi tunasema kumi na mbili, na hakuna mtoto wa Wete anayekosea. Geneva ungeshindwa: mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, na Disemba kabla ya saa kumi na moja jioni. Nilipoitazama saa moja ya Kituruki pale, yenye uso wa enameli nyeupe kama maziwa, nilihisi naijua tangu utotoni, ilhali ndiyo kwanza naiona.

Ghorofa ya kwanza ni ya Patek wenyewe. Kampuni ilianza 1839 kwa watu wawili waliotoka Poland, Antoine Norbert de Patek na François Czapek. Baadaye Patek akaungana na Mfaransa Jean Adrien Philippe, aliyebuni njia ya kuitia saa ufunguo kwa kile kifundo cha juu badala ya ufunguo wa kuchomeka, na jina la Patek Philippe likasimama mwaka 1851. Mwaka huohuo Malkia Victoria alipata saa yao kwenye maonyesho makubwa ya London. Saa za aina hiyo, za kifundo, ndizo baba wa saa zote za kutia kwa mkono tulizovaa sisi kabla ya betri.

Simama mbele ya saa iitwayo Calibre 89. Waliitoa 1989 kusherehekea miaka 150. Ina kazi 33 mbali na kuonesha saa na dakika za kawaida, vipande 1,728, na uzito wake unapita kilo moja, kwa hiyo ni saa ya mfukoni kwa jina tu. Kuibuni na kuijenga kulichukua miaka tisa. Moja ya kazi zake ni kuonesha tarehe ya Pasaka, ambayo huhama kila mwaka kwa hesabu inayoufuata mwezi. Hapo mimi nilifikiria sana. Fundi anaweza kuikata hesabu ya mwezi kwenye shaba: mzunguko mmoja ni siku 29, saa 12 na dakika 44, na saa ya kawaida yenye kuonesha mwezi huwa na gurudumu la meno 59 lenye miezi miwili iliyochorwa, ambalo hukosea siku moja kila baada ya miaka miwili na nusu na kidogo. Saa nzuri zina gurudumu la meno 135 na hukosea siku moja kwa miaka 122. Lakini hakuna gurudumu la kuuona mwezi ukiandama. Usiku wa kuamkia Idi, sisi tunarudi uwanjani tukatazama juu magharibi, na mwenye saa ya mamilioni anatazama pamoja nasi.

Muda wa saa mbili utakutosha mle ndani. Ukizidi hapo macho huchoka na kila kitu huwa dhahabu tupu. Piga picha tu pale walipokuruhusu, uliza mlangoni. Na adhuhuri ipangie mapema: msikiti mkubwa wa Geneva, uliofunguliwa 1978, uko Petit-Saconnex, upande mwengine wa mto, hauko njiani.

Sasa duka. Lipo barabara ya Rhône, nambari 41, karibu na ziwa, na kutoka makumbusho ni kama dakika ishirini kwa miguu. Hakikisha saa zao za Jumamosi kabla ya kwenda. Utamkuta mlinzi mlangoni, na mlango wenyewe huenda ukafunguliwa na mtu wa ndani. Hilo lisikutie khofu, ni kawaida ya barabara nzima. Sema "bonjour" kabla ya neno jengine lolote. Mswisi wa Kifaransa asiyeamkiwa huona amedharauliwa, kama vile mtu angeingia ukumbini kwako Wete bila ya kupiga hodi. Buibui lako nalo lisikushughulishe. Geneva hupokea wageni wengi wa Ghuba kila mwaka, na wauzaji wa barabara ile wamezoea.

Kisha sema kweli, mara ya kwanza. Waambie umetoka makumbusho, hununui leo, na ungependa kuona saa moja kwa karibu kama wana nafasi. Nimewaona watu wakijifanya matajiri kwenye maduka kama yale, wakaulizwa swali moja la ziada, wakaanza kutoa jasho. Msema kweli hana swali la kumbana. Pengine watakwambia leo kuna wateja wengi. Shukuru utoke, hakuna aibu. Pengine watakukalisha, wakuletee saa juu ya sinia lenye kitambaa. Usiishike mpaka wakukabidhi, vua pete na bangili kwanza, na kifundo usikizungushe. Omba waigeuze upande wa nyuma. Hapo ndipo utakapoitumia elimu ya asubuhi: ona kingo za vipande vya chuma zilivyolainishwa, hata zile ambazo mwenye saa hatoziona maisha yake yote. Nyingi ya saa zao za mkono hazipo dukani kwa kununuliwa siku hiyo. Watu hungoja muda mrefu. Kwa hiyo kutonunua kwako si jambo geni kwao.

Ukimaliza, vuka uende Jardin Anglais, bustani iliyo kandokando ya ziwa, ukaione saa ya maua iliyopandwa 1955. Bure kabisa, na mshale wake wa sekunde ni mita mbili na nusu.

Nikuonye jambo moja zito. Ikiwa mkononi umevaa saa yenye jina kubwa na uliinunua kwa bei ndogo, hapa kwetu, Kariakoo au Dubai, ivue uiache nyumbani. Tangu 1 Julai 2008 sheria ya Uswisi inakataza kuingiza bidhaa bandia hata kwa matumizi yako mwenyewe, na forodha wana haki ya kukunyang'anya. Nalisema hili kwa sababu saa bandia zimejaa, zikiwemo zile zenye nembo ya jambia la Oman kwenye uso. Zipo za kweli, Sultani Qaboos alizitoa zawadi kwa watu, na jamaa zetu wa Maskati wanazijua. Lakini kwa moja ya kweli niliyowahi kuifungua, za uongo nimefungua nyingi.

Tuje kwa babu. Billodes haitoki Geneva wala si Patek, kwa hiyo duka la barabara ya Rhône halina la kukwambia juu yake. Ni jina la mtaa wa mji wa Le Locle, juu milimani, ambako Georges Favre-Jacot alianzisha kiwanda mwaka 1865. Kiwanda hicho ndicho kilichokuja kuitwa Zenith, na mpaka leo kipo palepale. Jina la Billodes alilitumia kwenye saa nyingi alizowauzia Waturuki. Saa yenye tarakimu za msahafu, iliyopatikana kwenye safari ya Hijja, inakaa vizuri ndani ya historia hiyo, maana Hijazi ilikuwa chini ya Usmania mpaka Vita Vikuu vya Kwanza, na saa za soko hilo zilibaki mikononi mwa watu muda mrefu baadaye. Kwa hiyo ukisimama mbele ya zile za Kituruki ghorofa ya pili, jua kwamba ya babu yako ni ya ukoo uleule wa biashara, japo ya tabaka la mtu wa kazi.

Thamani ya sokoni? Sitokudanganya: zilitengenezwa kwa wingi, na fedha yake kwa uzito si kitu kikubwa. Lakini ipo bei inayoweza kuuawa kwa dakika tano, nayo huuawa kwa kusugua. Alinijia mama mmoja na saa ya baba yake iliyong'arishwa na fundi mmoja hapa mjini kwa poda ya kusafishia vyombo. Kasha liling'aa kama sinia jipya, na chapa zote za ndani zilikuwa zimefutika. Hatukuweza tena kujua hata fedha yake ilikuwa ya kiwango gani. Kwa fedha ya Uswisi ya zama zile, tangu miaka ya 1880, chapa ya ndege kama kwale humaanisha sehemu 800 kwa elfu, na dubu humaanisha 875. Ya babu yako ichunguze kwa kioo cha kukuza, bila ya kuisugua, umwone ni mnyama gani. Na jina ndani ya kasha peke yake halitoshi: makasha yamehamishwa sana, kwa hiyo lazima mashine ya ndani ya saa nayo ikubaliane na jina hilo.

Sababu moja ya kukuzuia kusafiri nayo ni kwamba duka lile halina la kukwambia, na nyengine ni mtikisiko. Saa iliyolala miaka mingi mafuta yake yameganda kama gundi. Ukiitia ufunguo ikasita, kisha ikatikisika siku mbili mkobani, ncha za ekseli ya balansi, lile gurudumu linalokwenda na kurudi, ambazo ni nyembamba kama unywele, huvunjika. Basi usiitie ufunguo hata mara moja, hata kwa kuwaonesha watoto. Chukua picha zake: uso, mgongo, ndani ya kifuniko, na nambari zote. Ikitokea ukapata siku ya pili huru, panda treni mpaka Le Locle, kama saa mbili na zaidi kupitia Neuchâtel, ukaone makumbusho ya saa ya Château des Monts, na ukiwa njiani ushuke La Chaux-de-Fonds, wenye makumbusho makubwa yaliyojengwa chini ya ardhi mwaka 1974. Miji hiyo miwili imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2009, kama Mji Mkongwe wetu tangu 2000, na ilipewa heshima hiyo kwa sababu ilipangwa kwa ajili ya kazi ya saa, madirisha yake yakitafuta mwanga kwa ajili ya meza za mafundi. Siku yako ikiwa moja tu, baki Geneva.

Mimi mwenyewe nimekulia Unguja, chini ya mnara wa saa wa Beit al-Ajaib. Jumba lilijengwa 1883 na Sayyid Barghash, na mnara ule uliongezwa baada ya mizinga ya Waingereza ya 1896. Tarehe 25 Disemba 2020 ukaanguka, pamoja na sehemu kubwa ya upande wa mbele. Tangu siku hiyo, kila ninapomsikia kijana akitaka kuitunza saa ya mzee wake, nauacha mlango wa duka wazi.

Ukirudi salama Inshaallah, njoo nayo Unguja mwenyewe, usimpe mtu. Ifunge kwenye kitambaa na uiweke mfuko wa ndani, si kwenye begi la kupakiwa botini. Tutaifungua pamoja, nikuoneshe ndani. Fika kabla ya adhuhuri, wakati dirisha la meza yangu lina mwanga.